Ng'ombe Wangu Walikwenda Amerika

Mimi sijawahi kupanda ndege, lakini ng'ombe wangu walipanda. Huwa nacheka nikisema hivyo, na watoto wangu hukasirika, maana wanajua kicheko hicho kina nini ndani.

Kaka yangu alipata barua ya chuo cha Amerika miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Chuo kilimsamehe karo. Nauli, chakula na koti la baridi, hayo ajitafutie mwenyewe. Baba alikuwa mchimbaji katika mgodi wa Macalder, na mshahara wake uliishia kwenye unga na sukari. Kanisa likachanga, majirani wakachanga, walimu wakachanga, na kikapu kilipomiminwa mezani pesa hazikufika hata nusu ya tiketi. Mama akalia mbele za watu. Ndipo macho yote yakanigeukia mimi, msichana wa darasa la saba, nimesimama pale na birika la chai ya wageni.

Mwenye duka mmoja wa Homa Bay alikuwa ameniposa mara mbili, na mara zote mbili baba alikataa. Alipokuja mara ya tatu, baba hakukataa.

Kwetu ng'ombe wa mahari hawauzwi ovyo. Hukaa bomani kwa baba mpaka kaka aoe, na hata akiwatoa mahari, unajua wako boma gani. Mwanamke akiteswa huko alikoolewa, anarudi kwao, ng'ombe wanarudishwa, basi, yamekwisha. Wangu waliswagwa hadi mnada wa Migori wiki ileile, wakawa tiketi.

Kaka alinijia kabla hajaondoka. "Dada, nitawarudisha."

"Utawarudisha kwa Kizungu?" nikamjibu. Hakucheka. Nilimpenda sana kaka yangu, na siku ile nilimchukia.

Mume wangu alikuwa mpole mwaka mmoja tu. Baada ya hapo akaanza kunipiga, kwa chumvi, kwa mteja aliyekopa asilipe, kwa lolote. Nikamfunga mwanangu wa kwanza mgongoni, nikaenda kwetu. Baba alilitazama jicho langu lililovimba, kisha akalitazama boma lake. Lilikuwa limeota nyasi.

"Mama," akaniambia, "nitamrudishia nini?"

Nilikunywa uji wa mama, nikarudi Homa Bay.

Barua za kaka zilifika, zile za karatasi ya buluu. Alikuwa akiosha vyombo katika jiko la wanafunzi ili apate chakula, akizoa theluji barabarani, likizo anafanya kazi kiwandani, na mikono yake imepasuka kwa baridi. Kwa hiyo siwezi kusema alikuwa anastarehe. Mimi sikumwandikia habari za jicho langu. Angeacha masomo arudi, na ng'ombe wangu wangekuwa wamekwenda bure.

Alirudi baada ya miaka sita, na shahada, akapewa kazi ya serikali. Mama ndiye aliyemweleza yote. Mwaka haujaisha, nikamwona amesimama mlangoni kwangu, viatu vimejaa vumbi, anatabasamu kama alipokuwa mdogo.

"Dada, ng'ombe wako wako bomani kwa baba. Wote. Nimewanunua kwa jasho langu. Funga mizigo, twende nyumbani."

Yawa, nilivyolia! Nililia mpaka nikakaa chini. Kisha nikawaona watoto wangu. Sasa walikuwa watatu, na yule mdogo alikuwa ameshika koti la mjomba wake, anachezea vifungo. Kwetu mahari ikirudishwa, mama huondoka peke yake. Watoto ni wa baba yao. Kaka alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Labda kule Amerika alilisahau, au hakutaka kulikumbuka.

"Umechelewa, kaka," nikamwambia. "Waache hukohuko, mama apate maziwa."

Nikamtoa mtoto kwenye koti lake, nikaingia jikoni kumpikia kaka chai.