Uongo wa Msimu wa Vidagaa

Kwetu hapa kusini mwa dunia, Septemba ikifika na machipuko kuanza, hata kasisi anadanganya. Mwulize mtu aliyebeba ndoo inayodondosha maji kama vidagaa wanapita mtoni, atakuambia hajaona hata mmoja tangu alfajiri. Mwulize alikuwa amesimama wapi, atakuelekeza upande asikokuwa. Wala hatumlaumu. Mahali pazuri pa kuvulia ni pa yule aliyewahi, na anayepatangaza ndiye tunayemwona mpumbavu.

Lakini kwa uongo huo hakuna aliyemfikia Noeline Havill. Aliendesha basi la shule miaka na miaka, akabeba watoto, kisha watoto wa watoto hao, na huko barabarani alikuwa mtu mnyoofu kabisa. Mpe wavu tu, basi, umempoteza. Gari lake alilisukumia vichakani lisionekane, na akikutana nawe njiani na buti zake ndefu za mpira anakuambia anakwenda kumtazama mgonjwa.

Majira ya machipuko yalimrudisha utotoni. Baridi ikivunjika tu alifungua madirisha yote, akatoa kiti barazani, akavua soksi na kuanika miguu juani, myeupe kama mihogo iliyomenywa. Maua ya njano yakichanua kando ya daraja, alijua vidagaa wameanza kuingia kutoka baharini. Kimanda cha kwanza cha msimu alikila amesimama jikoni, vidagaa na mayai basi, katikati ya vipande viwili vya mkate, limau likimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Cha pili alinipitishia mimi juu ya ua, maana tulipakana.

"Kula, jirani. Nimenunua hao," ananiambia, na buti bado zinatoa maji.

Mwaka ule machipuko yalikuja mazuri kupita kiasi, nami sikuyapenda. Mafuriko ya wakati wa baridi yalikuwa yameusukuma mto upande wa kusini, ukapata mlango mpya wa kuingilia baharini. Ukingo wa changarawe ukabaki umesimama wima pale, mto ukiula huku, bahari ikiula kule, na vidagaa wote wakipita chini yake. Mchana mwema, bahari imelala, nguo zinakauka kambani, ghafla tunasikia ngurumo kama lori linalomwaga mawe. Kipande kingine kimekwenda. Tunageuka kutazama baharini, kisha tunaendelea kuanika.

Ivan, kaka yake Noeline, ndiye aliyekwenda kuukagua. Alikuwa dereva wa greda maisha yake yote, na ardhi anaijua kwa nyayo. Aliporudi alipitiliza hadi barazani kwa dada yake.

"Pale chini ni tupu, Noeline. Umesimama juu ya ganda la yai."

"Nani kasimama? Mimi navua darajani."

"Darajani hakuna samaki."

"Ndo maana sijapata kitu."

"Sitanii mimi! Ukingo ukiporomoka, na hayo mabuti yakajaa maji, hata maiti yako hatutaiona."

"Haya, bwana mkubwa, siendi. Nikuapie kwa nani? Kwa bibi?"

"Mwache bibi apumzike. Viapo vyako ndo vinanitisha zaidi."

Noeline alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake buti zake zilikuwa na mchanga mweusi wa baharini. Mimi niliuona, Ivan aliuona. Tangu hapo kila maji yalipojaa nilikuwa nachungulia ua wake mpaka gari lirudi, na roho haikutulia.

Jumamosi moja, maji makubwa ya bamvua yakipanda, Ivan alikuwa kwangu akinirekebishia geti. Simu yake ikalia. Huwa anaiweka kwenye spika, masikio yake yalishaliwa na greda.

"Ivan, chukua wavu uje! Niko kwenye mlango wa mto. Wanapita hawa, maji yanachemka!"

"Uko wapi?"

"Juu ya ukingo, nimeshakwambia."

Ivan akanikonyeza. "Wewe leo? Unitajie mimi ulipo?"

"Leo nimekutajia. Wamezidi, kaka'angu, na jua hili, na mimi niko peke yangu kama mchawi. Njoo tuvue kama tulivyokuwa wadogo."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Kwa bibi?"

"Kwa bibi. Fanya haraka bwana, maji yanapanda."

Ivan alikata simu akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aukanyage ukingo ule. "Mungu mkubwa, yuko darajani! Leo wamepanda mpaka huko, naye anataka nikimbilie baharini ili abaki na mto peke yake. Mwongo mkubwa yule." Mabega yake yakashuka. Akaniomba kikombe cha pili cha chai. Nilimmiminia kwa furaha, maana na mimi nilikuwa nimeshusha pumzi.

Tulipomaliza tukaenda darajani. Gari la Noeline halikuwepo. Ivan akavunja kijiti, akaanza kupiga vichaka. "Toka, mwongo we! Nimekuona!" Ndege wakaruka. Mimi nilikuwa nimeegemea kingo za daraja, natazama mtoni, na hapakuwa na wavu wala mtu.

Ndipo ngurumo ikaja kutoka upande wa bahari. Ilikuwa ndefu kuliko zote tulizowahi kusikia. Ivan alisimama na kijiti chake mkononi, akageuka akanitazama.

Gari tulilikuta kwenye mlango wa mto. Halikufichwa. Liliegeshwa wazi, pembeni kabisa, na nafasi ya gari la pili imeachwa. Ukingo haukuwepo tena, ni maji ya kahawia tu yakizunguka.

Waokoaji walikuja na mashua. Mkuu wao, mama mmoja mpole, alipiga magoti mbele ya Ivan aliyekuwa ameketi kwenye mawe.

"Kuna mtu alijua kwamba yuko hapa?"

"Mimi. Alinipigia akaniambia."

"Saa ngapi, mzee wangu? Unakumbuka?"

Ivan alinitazama mimi, kisha akamtazama yule mama.

"Kabla ya kikombe cha pili," alisema.