Siri ya Gasto Yatokea Dirishani

Ndugu zangu, miaka ile kompyuta zilipoanza kuonekana Singida Mjini, fundi wake alikuwa Gasto peke yake, na ugonjwa aliotibu sana ulikuwa mmoja. Mtu amebonyeza vitufe asivyovijua; mashine ikiwashwa haioni hata diski yake. Gasto anavuta pazia, anafungua kasha, anatoa betri bapa kama ya saa, anapiga mluzi kidogo, anairudisha. Mashine inasahau mipangilio yote iliyovurugwa, inaamka kama imetoka kiwandani.

"Wakijua ni betri tu," alimwambia mkewe Martina, "tutarudi kijijini Mungaa kulima uwele."

Basi ikaugua kompyuta ya mama yake Martina, Mama Anastazia. Alipopunguzwa kazi kule ushirika aliinunua kwa kiinua mgongo chake, akaiweka chumbani, kando ya kitanda, wezi wasiione. Siku hiyo wateja wa kadi za harusi alizokuwa akichapa walijaa uani.

Sasa Mnyaturu gani ataingia chumba anacholala mama mkwe? Gasto akaomba mashine itolewe nje.

"Martina, mwambie mkwe wangu," mama alijibu kutoka ndani, "ikipita mlangoni watu watasema nimefilisiwa."

Ikabidi Gasto asimame nje ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, Martina akipokea maneno na kuyapeleka.

"Mwambie mama achomoe umeme," alinong'ona.

"Aseme kwa sauti!" mama alidakia kutoka ndani. "Kwa upepo huu nitasikia nini?"

Gasto aliwatazama wateja, akapaza sauti. "Achomoe umeme! Afungue kasha! Kuna betri bapa, aitoe, asubiri kidogo, airudishe!"

"Halafu?" mama aliuliza.

"Mwambie mama, basi."

"Basi?" Alikuwa mzee Shamte, mmoja wa waliosubiri kadi, na mteja wa Gasto wa siku nyingi. "Na ile mionzi ya nyuma ya pazia uliyosema itatupofusha?"

"Shikamoo, mzee," alijibu Gasto.

"Marahaba. Nimeuliza mionzi."

Ndani mashine ikatoa mlio, ikawaka. Ilikuwa imesahau hata mwaka. Mama akaikumbusha mwenyewe. Kadi zikatoka.

Mwezi haukuisha, mlangoni kwa mama pakabandikwa karatasi: TUNATENGENEZA KOMPYUTA. Gasto alikwenda kulalamika, akasimama uani kwa adabu akimsubiri Martina ayapeleke malalamiko. Martina hakutoka. Alikuwa ndani, anamshikia mama bisibisi.