Mayungiyungi Hayataki Uwanja Mtupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilianza kuharibu tuta zima la maua, na niliharibu kwa bidii.

Nyumba ilikuwa Diani, ya daktari mstaafu aliyehamia pwani kutoka Nairobi na sanduku la mayungiyungi ya siku moja. Sisi watunza bustani twayaita delili. Ua lake huchanua asubuhi na jioni limekwisha, lakini kikonyo kimoja hubeba matumba mengi, basi kesho yake jingine hushika zamu. Mimi sikuandikwa kuyatunza. Niliandikwa mfagiaji.

Nimezaliwa Mwabungo, na kwetu mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Jua likichomoza na majani bado yako chini, jirani atabisha hodi kuuliza kama ndani kuna mgonjwa. Kwa hiyo nilifagia. Nilimaliza barabara ya gari na baraza, nikaingia kwenye tuta la delili. Chini ya maua nilikuta majani makavu na makumbi ya nazi yametapakaa, nikasema moyoni, mwenye bustani hii ni mvivu kweli. Nikayazoa yote. Mchanga ukabaki mweupe, una mistari ya ufagio wa chelewa, nami nikashika kiuno nikitazama kazi yangu. Mkuu wa bustani alikuwa likizoni kwao Kitui kwa wiki mbili, hakuna aliyenikanya, nikarudia hivyo kila asubuhi.

Aliporudi, majani ya delili yalikuwa ya manjano na yamelala chini.

“Mama, nani ameondoa takataka yangu hapa?”

“Shikamoo, mzee. Ni mimi.”

Hata kuitikia hakuitikia. “Hiyo takataka ndiyo blanketi ya hii maua! Huu mchanga wenu hauwezi shika maji. Jua ikiupiga unakuwa kama kikaango, mizizi inaiva. Kesho urudi kwa barabara ya gari. Huko hakuna kitu ya kuua.”

Iliniuma sana. Wiki zile mbili nilikuwa nimeyapenda yale maua. Kila nikifika, kabla sijavua buibui, nilikwenda kwanza kutazama leo kumechanua lipi. Kazi ya kufagia nilikuwa naifanya tangu utotoni bila mshahara. Kukuza ua ndiko nilikokutaka, na sasa mlango ulikuwa unafungwa usoni pangu.

Nikamwendea Daktari barazani. “Shikamoo, Daktari. Maua yako nimeyaumiza mimi, kwa kutojua. Nakuomba niachiwe niyarudishe.”

“Marahaba, Mwanamisi,” alisema, akamgeukia mkuu aliyekuwa amenifuata. “Unasemaje?”

Mkuu akakuna kidevu. “Apewe hilo tuta. Likitoa ua, atashika jembe. Likikauka, ni ufagio mpaka astaafu.”

Alinifundisha amekunja uso, lakini alinifundisha. Tuling'oa kila shina kwa uma wa bustani, tukaosha mizizi. Mizizi ya delili ina vivimbe mfano wa viazi vidogo, na humo mmea huweka akiba. Iliyokuwa laini na yenye harufu tuliikata, iliyo ngumu tukaibakiza. Majani tuliyapunguza yakabaki urefu wa kiganja, maana mmea mgonjwa hauwezi kulisha majani marefu. Shina kubwa tuligawa, kila kipande kikiwa na majani yake na mizizi yake. Kisha tukapanda. Kichwa cha mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, hakitakiwi kuzama zaidi ya pingili moja ya kidole. Ukikizika sana, kinaoza.

Nilichanganya mchanga na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, iliyoletwa kutoka Kinango, nikapanda upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mti wa mkilifi mchana. Mwisho nikatandaza makumbi kwa mikono yangu mwenyewe. Naam, mimi, mtoto wa Mwabungo, nilimwaga taka uwanjani mchana kweupe! Yaya wa nyumba jirani alichungulia uani akaguna.

Mashina matano yalikufa hata hivyo. Nililia, sioni haya kusema. Yaliyobaki nilikuwa nikiyamwagilia mapema asubuhi, maji chini kwenye mizizi, si juu ya majani. Likatokea jani, likafuata la pili. Mvua za masika zilipopungua kikonyo kikapanda, na asubuhi moja ua la rangi ya chungwa likafunguka. Mkuu aliinama, akalitazama nyuma na mbele kama anayenunua mbuzi.

“Haya,” akasema, “kachukue jembe.”

Nililishika jembe hilo miaka mingi. Kutoka kwa Daktari nilikwenda hoteli moja ya Galu nikiwa msaidizi kwenye kitalu, kisha nyumba za wageni Msambweni, nami ndiye mkuu wa bustani. Huko meneja aliagiza delili kutoka nchi za baridi. Nilimwambia, “Bwana Meneja, hizi hulala wakati wa baridi, na kwetu baridi haipo. Tafuta zile zisizopoteza majani mwaka mzima.” Hakusikia. Akapata majani matupu, na mwaka uliofuata akaniuliza kabla ya kuagiza.

Vijana mnaoanza, jambo mtakalokosea ni kuchuma. Ua la jana huchumwa kila asubuhi ili mmea usihangaike na mbegu. Lakini tumba na ua lililofunga hufanana kwa mbali. Gusa kwanza. La jana ni teketeke, tumba ni gumu. Nimewaona watu wakichuma kesho yao yote wakaiweka kwenye ndoo.

Nilistaafu mwaka jana. Wakanifanyia karamu ndogo, pilau na soda, na meneja mpya akasimama kunisifu. Alisema vizuri, Mungu ambariki. Alisema hajapata kuona mfanyakazi msafi kama Bi Mwanamisi, na kwamba kwa miaka yote nimewawekea uwanja safi. Watu wakapiga makofi.

Niliomba nami niseme. Niliinuka taratibu, magoti haya si ya juzi.

“Ahsante, mwanangu. Lakini kwa usafi, wasifu wenzangu wa vyumbani, wao ndio wenye haki ya sifa hiyo. Mimi hapa nimekuza maua.”