Sashe ya Mahindi

Miye niko mutu wa kujidai najua kila kitu. Niseme wazi, ni hii kichwa nguvu yangu iliyoniletea haya.

Kwetu Butembo, hapa Mususa, ukipika maharagi magumu unatandika sashe, mufuko ya plastiki, chini ya kifuniko, mvuke isitoke, makala ya moto isiishe bure. Mama yangu alifanya vile, na miye vile vile. Halafu sashe za zamani zikaanza kupotea sokoni. Muuzaji mumoja akanionyesha zingine, laini, zenye kuoza mu udongo.

"Mama, hii inatoka mu mahindi," akasema.

Nikajisemea, mahindi iliogopa sufuria tangu lini? Nikanunua.

Ile siku familia ya muchumba wa binti yangu ilikuwa inatoka Kasugho kuja kuomba ndoa. Njia ni matope, na batu banatembea roho mukononi. Nikafunika maharagi na ile sashe mupya, nikaenda kupanga viti.

Kurudi, nafungua, sashe haiko. Joto ilikuwa imeilegeza, ikaanguka ndani, ikashikamana na maharagi kama makamasi. Zile za zamani zilivumilia mvuke miaka yote, lakini hii, hata nusu saa hapana. Binti yangu akanisaidia kutoa vipande na mwiko. Vingine vilikuwa vidogo sana, vikapotea mule ndani.

"Mama, tuimwange yote."

"Halafu tupatie bageni nini, mawe?" nikamukaripia. "Si ni mahindi? Inaoza."

"Inaoza mu udongo, mama. Tumbo ya mutu si shamba."

Nikamuambia anyamaze. Niliogopa, ndiyo. Nyumba yenye kushindisha bakwe na njaa inasemwa mpaka kwa bajukuu, na hii ndoa nilikuwa naitaka kuliko yeye mwenyewe. Nikaongeza mawese na kitunguu, harufu ikakuwa muzuri.

Bakwe bakafika bamechoka. Tukaweka sahani. Lakini kwetu mugeni hagusi chakula mpaka mupishi aonje kwanza, sababu batu banaogopa sumu. Mama ya muchumba akaniangalia, akangojea bila haraka. Mukono yangu ikabaki juu ya magoti. Nilijaribu kuiinua, ikakataa. Haya ilinichoma mpaka mu masikio.

Binti yangu akapiga magoti kati yetu, akachota kijiko kizima, akala. Akachota tena. Alikuwa ananiangalia miye tu, anatafuna polepole, mpaka bakwe bakaanza kula.