Koo la Mwenye Pombe

Jumamosi nilikuwa nyuma ya stesheni ya Dodoma, kwa mama mmoja wa Kigogo anayewauzia mafundi wa reli pombe ya uwele. Zamani alipika mtungi mmoja. Siku hizi wanywaji wamezidi, naye ameweka wasaidizi na pipa lililotupwa na karakana ya Wajerumani.

Desturi mnaijua: mwenye pombe hunywa kwanza, mgeni ajue haina sumu. Mama akateka kibuyu kutoka kwenye pipa, akakiinua, akafuta midomo, akampa askari aliyekuwa ameingia.

Askari hakukipokea. "Mama, koo lako halikucheza."

"Nimekunywa, mwanangu."

"Basi kunywa tena."

Mama akaimwaga pombe chini.

"Pipa hili waliliosha wasaidizi. Sijui lilikuwa na dawa gani."

Watu wakamsifu kwa kusema kweli. Pombe inaweza kujaza mapipa, lakini koo la kuionja ni lilelile moja. Na kabla askari hajafika, kibuyu cha kwanza cha pipa lile nilikimaliza mimi.

Naandika haya nimeshika tumbo.