Figo Yangu na Miraa ya Wakwe

Mume wangu alisafishwa damu kwa mashine kwa miaka, hadi mimi nikampa figo yangu. Watu wa kanisa letu hapa Embu waliimba kwamba amepona. Daktari hakuimba. Alituambia kwamba maradhi yale yalikuwa yameikausha mishipa yake ya damu, ikawa migumu kama mpira wa maji ulioachwa juani. Figo mpya ingeilegeza polepole, tena si yote, na chochote cha kupandisha presha kingeiharibu mishipa na figo pamoja. Akaitaja miraa kwa jina, maana alijua kwetu ni Maua, inakolimwa na kutafunwa kila siku.

Kisha binti yetu akachumbiwa. Wakwe walikuja nyumbani Maua na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama desturi inavyotaka. Baba wa msichana akikipokea, mazungumzo yanaendelea. Akikikataa, amemkataa kijana. Nilikuwa nimeshapanga na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, atafune kwa niaba yake. Wakwe waliambiwa mapema na hawakuona ubaya. Kilichotakiwa ni apokee tu kwa mikono yake.

Mume wangu alikipokea, akakifungua, akaanza kuchagua vijiti vyororo. Alitafuna alasiri nzima akipiga soga na wazee, shavu limemvimba. Nilipompelekea chai nikamnong'oneza aache, alinijibu kwa sauti ili wote wasikie.

"Mama, mimi si mgonjwa tena. Wacha nikae na wanaume wenzangu."

Wazee wakacheka. Nilimchukia, sisemi uongo. Ningesema sikio la kufa halisikii dawa nikarudi zangu jikoni, lakini figo ilikuwa yangu.

Harusi ikapita, miraa haikupita. Kila alipokwenda Maua alirudi hana usingizi, na nikimuuliza, ananiambia nisimfanye mtoto. Tulipokwenda kliniki presha ilikuwa juu sana, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba figo imeanza kuchoka. Daktari akamuuliza kama anatafuna. Akasema hajagusa miraa tangu apasuliwe, kisha akanigeukia nimuunge mkono, kama mke mwema anavyotakiwa kufanya mbele ya watu.

"Anatafuna," nikasema. "Na mimi nimebaki na moja."