Damu ya Mwalimu Swaumu

Kiwangwa nzima inamjua Mwalimu Swaumu kwa sauti yake. Akisomesha watoto madrasa, sisi tulio shambani kwenye mananasi tunazisikia herufi zote, alifu mpaka yee. Ndiyo maana mwaka juzi sauti ilipoanza kufifia, majirani tuligundua kabla yeye hajasema neno.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Uchovu ulimzidi hata akawa anasomesha ameegemea ukuta. Mwili ukamwasha, kisha macho yakageuka manjano. Mumewe Haidar, mkulima asiye na maneno mengi, alimtazama wakinywa chai akasema, "Mama Mikdad, vaa baibui. Tunakwenda Bagamoyo."

Hospitalini wakapokewa na daktari kijana. Aliwaamkia vizuri, akaanza kuandika, akauliza bila kuinua macho, "Mama, unatumia pombe?"

Haidar akapaliwa na mate.

"Mwanangu," akasema Swaumu, "nasomesha Kurani mwaka wa kumi na tisa huu. Pombe naijua kwa kuikataza tu."

"Nisamehe, mama. Ini likiugua lazima tuulize."

"Basi uliza."

"Na dawa za miti shamba?"

Hapo mwalimu akamtupia Haidar jicho. Wifi yake alikuwa amemletea chupa mbili za mizizi, naye alikwishazimaliza. Akakiri, akaambiwa asiongeze tena. Vipimo vya homa ya ini ya virusi havikuonyesha kitu. Wiki tatu zikapita bila mizizi, macho yakabaki manjano vilevile, akapewa barua ya kwenda Dar es Salaam.

Huko alimkuta Daktari Adila, mtaalamu wa ini, mwanamke mnene mcheshi. Walichukua damu, na majibu yalipotoka akawakalisha mwalimu na Haidar.

"Mwalimu, mwilini mna askari wa kupambana na vijidudu. Wa kwako wamekosea. Wanalipiga ini lako wakidhani ni adui. Alama zao tumeziona kwenye damu."

"Wamekosea vipi, na wameishi nalo nyumba moja miaka yote hii?"

Adila akacheka. "Hilo hata sisi bado tunalitafuta."

Damu ilikuwa imeonyesha njia, lakini ili kuwa na hakika ilibidi wachome sindano ubavuni na kutoa kipande cha ini chembamba kama uzi. Haidar aliposikia hivyo alitoka akakaa kwenye benchi, jasho linamtiririka. Mwenye ini alikuwa ndani anamdadisi muuguzi kama ameolewa, maana ana mpwa wake huko Kerege anatafuta mchumba.

Kipande kile kikathibitisha, akaanzishiwa vidonge vya kuwatuliza askari wale. Macho yakarudi meupe, njaa ikarudi kwa fujo, mashavu yakavimba. "Mwalimu, umenawiri!" tukamwambia. "Vidonge hivyo," akajibu, huku anachokoa muhogo chunguni kabla haujaiva.

Kilichomuuma ni Ramadhani. Daktari alimkataza kufunga mwaka ule. "Nimezaliwa mwezi wenyewe, nikaitwa Swaumu, leo nile mchana?" Alicheka, halafu akalia. Haidar akainuka. Aliingia jikoni akampikia uji mwenyewe, na kwa kuwa amefunga hakutaka kuuonja. Chumvi ilikuwa ya kutosha kukausha samaki. Swaumu akaunywa wote, akasema, "Mungu akulipe, Baba Mikdad," kisha akamaliza mtungi wa maji.

Mwezi wa nane vipimo vya ini vilikuwa vizuri, vidonge vikapunguzwa. Siku hiyo Adila alimwomba kijichupa kimoja zaidi cha damu. Walikuwa na utafiti: wanatafuta kwenye damu alama ndogo ndogo za kuwaambia kama ini limetulia kweli, ili siku moja wagonjwa wasichomwe tena ubavuni kila inapotakiwa hakika.

"Mtazipata?"

"Sijui, mwalimu."

"Na mimi nitafaidika nini?"

"Pengine usifaidike kitu. Pengine atafaidika wa baada yako. Na ukikataa, matibabu yako ni yaleyale."

Swaumu akanyoosha mkono. "Umeniambia kweli. Chota."

Alipotoka alimkuta msichana benchini, amejikunyata, macho manjano. Akaamkiwa, akaitikia marahaba, akakaa karibu. Msichana aliitwa Mina, ametoka Lugoba peke yake, na ameambiwa habari za sindano.

"Inauma, mama?"

"Inauma kidogo. Watakutia ganzi, halafu watakwambia usijitikise. Mimi niliwaongelesha mpaka wakaniomba ninyamaze." Akamsogelea sikioni. "Mume wangu ndiye nusura azimie, na hakuguswa."

Mina alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Swaumu naye akaachia kicheko, kwa sauti ileile ya madrasa, hadi mlango wa daktari ukafunguliwa.

"Jamani!" akasema Adila. "Mgonjwa ni nani hapa?"

"Sote wawili," wakajibu.